Mkate wa Juu ya Mlango wa Jikoni

2 Septemba. Nyuzi 31 saa nane mchana, anga safi, upepo hakuna.

Mpangaji kafika. Nilimwomba Mastura wa nyumba ya pili anitafutie msichana mtulivu wa chuo cha udaktari, maana nyumba hii imekuwa kimya mno tangu nistaafu na mwanangu Sarvar aondoke. Kaniletea Mhindi. Anaitwa Hetal, katoka Gujarat, ana miaka kumi na tisa na mabegi mawili makubwa kuliko yeye. Moja lina nguo na vitabu. La pili lina sufuria ya presha na viungo vya kila rangi, utadhani kaja Samarkand kufungua duka.

Viatu kavua mlangoni bila kuambiwa, hilo nimempa alama. Kisha akainama ghafla akanigusa miguu, nami nikaruka nikidhani kaona nge. Kumbe ndiyo shikamoo yao.

Ananiita Anti. Nimemwambia sisi wanawake wa umri wangu huku tunaitwa opa, yaani dada mkubwa. Akasema, "Sawa, Anti."

3 Septemba. Nyuzi 30. Binti hali nyama.

4 Septemba. Nyuzi 30, vumbi kidogo.

Jana nilidhani hatujaelewana, kwa sababu lugha yetu anaibangaiza bado na nusu ya mazungumzo anayamalizia kwa mikono. Leo nimepika pilau, nikaopoa vipande vyote vya kondoo, nikamwekea wali mtupu. Akauliza wali umepikwa kwa mafuta gani. Nikamwambia mafuta ya mkia wa kondoo, kwani kuna mengine? Akaweka kijiko chini polepole.

"Kuku je?" nikamuuliza.

"Hapana, Anti."

"Samaki?"

"Hapana."

"Yai?"

"Nyumbani kwetu hatuli."

"Sasa ninyi mnakula nini, mwanangu? Mnakula dua?"

Alicheka mpaka akashika meza. Nikampa mkate wa tanuri, nyanya na zabibu, akaumaliza mkate mzima peke yake. Angalau mkate anaujua.

12 Septemba. Nyuzi 27, mawingu mepesi kutoka magharibi.

Nimemfundisha sheria za mkate, kwa kuwa jana niliukuta umelazwa kifudifudi mezani na moyo ukanipasuka. Mkate haulazwi kifudifudi. Haukanyagwi, haurukwi. Hautupwi kamwe, hata makombo: unayaokota ukala, au unawapa ndege. Mwenye kutupa mkate atakuja kuutafuta. Akayaandika yote kwenye daftari lake, kwenye ukurasa unaofuata mifupa ya mguu.

"Hata ukikauka, Anti?"

"Hata ukiwa jiwe," nikamwambia. "Mkate umeumbwa uliwe."

Nimejiona mwalimu kwelikweli.

Mkate mmoja tu sikumtajia, ule wa Sarvar unaoning'inia kwenye msumari juu ya mlango wa jikoni. Nani anaelezaelezea jambo kama hilo? Mtaa mzima unajua. Mwanangu aliung'ata mara moja asubuhi ile alipoondoka kwenda Urusi kujenga maghorofa, akaniachia uliobaki, na siku atakayoingia mlangoni ndiye atakayeumalizia. Mama yangu alimtundikia kaka yangu hivyohivyo alipokwenda jeshini, na kaka akarudi akaula, mgumu vile, huku akilia. Mkate ukiwepo, mtu yuko njiani. Machi itatimia miaka minne. Nimeupangusa vumbi.

13 Septemba. Nyuzi 27. Kachoma haradali kwenye mafuta. Nimekohoa mpaka adhuhuri.

29 Septemba. Nyuzi 22, mvua nyepesi asubuhi, milimita 2.

Aibu leo. Mastura kaja na halua yake kunywa chai. Hetal kataka kunisaidia, kashika birika, kammiminia Mastura bakuli la chai likajaa hadi ukingoni. Mastura akaitazama ile chai, akajifunga kitambaa chake kichwani, akainuka.

"Nimekuelewa, binti. Naondoka."

Akaondoka na halua yake.

Binti wa watu kabaki kashika birika, haelewi kamkosea nini. Nikamweleza kwamba mgeni humiminiwa kidogo tu, ili arudishe bakuli tena na tena mkae mzungumze. Ukimjazia, umemwambia anywe aende zake. Macho yakamtoka. Kwao, anasema, ukimtilia mgeni nusu, jamaa watakusema kwa uchoyo hadi siku ya arusi yako.

Nimemtuma akaombe radhi. Kakaa huko saa mbili. Mastura kammiminia matone mara kumi na nne na hakumruhusu kukataa hata mara moja. Karudi anatembea kama mjamzito, na halua mkononi.

8 Oktoba. Nyuzi 17. Kavaa soksi pari mbili.

17 Oktoba. Nyuzi 12, ukungu hadi saa nne.

Kila asubuhi swali ni moja: "Theluji lini, Anti?" Hajawahi kuiona. Kasikia kwamba nilifanya kazi kituo cha hali ya hewa miaka thelathini na moja, basi anadhani theluji nimeifungia stoo. Nikamwambia theluji haiitwi kama paka, ila ikija nitajua kabla yake.

Nikamsimulia barua ya theluji. Siku ya theluji ya kwanza unaandika unachokitaka kwenye karatasi, unaikunja, unamkabidhi mtu mkononi, kisha unakimbia. Ukitoroka, lazima akutimizie. Akikukamata, wewe ndiye unayelipa: anataka lolote, nawe unatimiza.

"Hata watu wazima, Anti?"

"Hasa watu wazima. Mtoto akitaka kitu anasema tu."

20 Oktoba. Nyuzi 11. Sarvar kapiga simu. Anakuja Mwaka Mpya. "Safari hii kweli, Mama." Na mwaka jana ilikuwa kweli. Nimenunua godoro jipya hata hivyo.

4 Novemba. Nyuzi 7. Kavaa sweta tatu na bado meno yanagongana. Kafaulu mtihani wa mifupa vizuri kuliko wenyeji wote. Nimemwambia Mastura, nikamwambia na mwuza maziwa.

11 Novemba. Nyuzi 4, mvua. Mafua yamenipata. Hetal kaniletea maziwa ya moto yenye manjano na pilipili manga. Mabaya sana. Nimeyanywa yote.

13 Novemba. Nyuzi 3 (kipimajoto kasoma yeye, mimi niko kitandani). Hachelewi chuo, hachoki, ananiwekea mto mgongoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimesikia nyundo jikoni jioni, nadhani anatengeneza kiti kile kinachoyumba. Nimesema moyoni, binti ana mikono.

14 Novemba. Nyuzi 3, mawingu mazito.

Ngoja niandike kwa utaratibu.

Asubuhi homa ilishuka, nikatoka kitandani na njaa ya siku tatu. Hetal kaandaa meza. Katikati kaweka bakuli la kitu cha manjano chenye mvuke, mbegu nyeusi za haradali juu yake, harufu ya mtindi na pilipili. Anasema kwao chakula cha aliyetoka ugonjwani ni hicho, mama yake humpikia. Nikaonja kwa heshima tu. Nikaonja tena. Vipande laini nje, ndani bado vina uzito, uchachu kidogo, ukali kidogo. Nikala sahani nzima. Nikaomba ya pili. Nikasema, na hili sitajisamehe, "Sarvar angekipenda hiki."

Uso wake uling'aa.

"Mkate gani huu?" nikamuuliza. "Mkate wa siku hizi ukiulowesha unakuwa uji. Huu umejishika."

"Ule wa mlangoni, Anti."

"Mlango upi?"

"Wa jikoni. Uliusahau pale juu. Ulikuwa mgumu, nikauvunja kwa nyundo, nikauloweka kwenye mtindi tangu jana. Ulisema hata ukiwa jiwe."

Nikageuka. Msumari ulikuwa mtupu.

Sikumbuki yote niliyosema, ila mtaa unakumbuka, kwa sababu Mastura alitoka nje na mwuza maziwa alisimamisha baiskeli. Nilimwambia kamla mwanangu. Nilimwambia kaja kuniharibia nyumba na mavumbi yake ya rangi. Nilimwambia sasa Sarvar hana cha kurudia, na akifa huko baridini damu yake iko kwenye ile sufuria. Yeye alisimama na kijiko mkononi. Alipoelewa ni mkate gani, alikaa sakafuni akafunika uso.

"Kwa nini hukuniambia, Anti?" akasema. Ni hilo tu.

Na mimi kijiko changu bado kilikuwa mkononi, na sahani ya pili ilikuwa imebaki nusu. Sikujua niimalize au niifanyeje. Kuitupa ni dhambi. Nikaimaliza huku nalia, na mbaya zaidi ilikuwa bado tamu.

15 Novemba. Sikutazama kipimajoto. Haijatokea tangu nianze kazi kituoni.

16 Novemba. Nyuzi 2. Hetal kahamia bweni la chuo. Nilisema lifaalo, kwamba huko atakuwa karibu na masomo. Kainama kunigusa miguu, nikairudisha miguu chini ya sketi. Sufuria yake ya presha kaisahau jikoni.

17 Novemba. Nyuzi 2. Kimya.

18 Novemba. Nyuzi 1. Kimya.

20 Novemba. Nyuzi 0, upepo wa kaskazini.

Daftari hili halisomwi na mtu. Basi niseme.

Mkate ule haukuwa wa Sarvar.

Wa Sarvar waliula panya, majira ya baridi ya kwanza. Niliamka asubuhi nikakuta kamba na makombo. Nililia siku nzima, kisha nikajipangusa nikaenda sokoni Siyob, nikanunua mkate mwingine wa ukubwa uleule, nikafunga mlango, nikaung'ata mwenyewe. Nikauning'iniza. Sikumwambia mtu, wala Sarvar, wala Mastura. Baada ya miezi michache hata mimi niliuamini. Nimeupangusa vumbi miaka mitatu mkate nilioung'ata mwenyewe.

Panya niliwasamehe. Sikuwapigia hata kelele. Mtoto wa watu, aliyeupika kwa adabu kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha, nikamfukuza mbele ya mwuza maziwa.

Hasira hasara. Nimeliandika mara moja, linatosha.

28 Novemba. Nyuzi 1, ukungu.

Mastura kaja. Nikamweleza habari ya panya. Nilitaka kumwona akishangaa.

"Lile pengo?" akasema. "Dada, Sarvar ana meno yote. Ule mkate ulikuwa na alama ya mtu asiye na jino la juu kushoto. Mimi niliona zamani, na mwuza maziwa aliona."

"Mbona hamkusema?"

"Tungesemaje? Wewe ulikuwa unaupangusa."

Kisha akanijazia chai bakuli zima, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, akasema, "Kunywa, halafu nenda kamchukue yule binti."

Sikwenda. Mimi nina miaka sitini na sita. Mtu mzima hamwombi radhi mtoto bwenini, mbele ya mlinzi.

6 Desemba. Nyuzi -2, anga safi.

Sarvar kapiga simu. Kabla hajasema kitu nilimwambia yote kwa pumzi moja: panya, soko, jino, nyundo, haradali, sahani mbili. Kisha nikasikia anacheka, anacheka anakohoa, na mwishowe si kicheko tena.

"Mama, kumbe miaka yote hii uliotundika ni wa sokoni?"

"Sasa ningefanyaje?"

"Nilikuwa naukimbia ule mkate. Kila nikishika begi nije, nauona. Najua nikiingia, mtaa mzima utakuja kunitazama nikiumalizia, na mimi narudi mikono mitupu. Nasema bado kidogo, bado kidogo."

Miaka yote nilidhani unamvuta. Nilikaa kwenye kiti kinachoyumba.

"Ulikuwa mtamu?" akauliza.

"Sana, mwanangu. Mungu anisamehe."

"Basi na mimi nitapikiwa huo. Mwaka Mpya siwezi, Mama, sitakudanganya tena. Nakuja sikukuu ya Navruz, Machi. Mpe simu huyo binti nimshukuru."

Nikasema yuko chuoni. Ni kweli yuko chuoni.

Machi, kasema. Tumesikia.

12 Desemba. Nyuzi -3. Nimepita bweni nikielekea kwa mshonaji. Kwa mshonaji ni upande mwingine kabisa.

18 Desemba. Nyuzi -1 na zinapanda, kipimahewa kinashuka tangu asubuhi, moshi wa mabomba unalala juu ya mapaa badala ya kwenda juu, goti langu la kulia linasema wazi.

Simu ya Mastura inasema hakuna theluji hadi Jumatatu. Simu ya Mastura haijawahi kusimama juu ya paa la kituo saa kumi na mbili asubuhi. Theluji ni kesho, kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Nimepaka viatu mafuta. Nimeandika barua, nikaichana, nikaandika nyingine.

19 Desemba. Nyuzi -1. Theluji ya kwanza, saa moja na dakika arobaini.

Nilikuwa nimeshafika getini kwa bweni ilipoanza. Mlinzi akauliza namtafuta nani. Nikamwambia Hetal Panchal, mwaka wa kwanza, mwite haraka, ni jambo la hali ya hewa.

Katoka na sweta zake zote, akasimama ngazini, akasahau kwamba nipo. Alikuwa kainua uso, mdomo wazi, theluji inamwangukia kwenye kope. Nikamwacha atazame. Sikuwa na haraka tena. Aliponiona akashuka, akasimama mbele yangu, hakujua ainame au asiiname. Mimi sikuvuta miguu. Nikamtia karatasi mkononi, nikakimbia.

Barua ilisema hivi: Theluji ni yetu sote, barua ni yako. Nataka urudi nyumbani leo, unipikie ule mkate kwa mtindi. Mkate mpya nimeshanunua. Nyundo nimeificha. Nilikosa mimi.

Nimekimbia kwa jinsi mtu wa goti hili anavyoweza. Mlinzi alikuwa ananishangilia, sijui kwa nini. Nilifika kwenye mti wa tatu nikasikia sweta tano zinakuja nyuma yangu, kisha nikashikwa mkono.

"Umekamatwa, Anti."

"Nilipunguza mwendo kwa sababu ya barafu."

"Umekamatwa," akasema mlinzi, ambaye hakuulizwa.

Hetal akaifungua barua akaisoma, midomo ikicheza, neno moja moja. Alipofika mwisho akarudia mstari wa mwisho. Nami nilikuwa nasubiri nidaiwe, maana sheria nimemfundisha mwenyewe. Nilidhani atataka nisipike tena mafuta ya mkia ndani ya nyumba, nami ningekubali.

"Januari nikimaliza mitihani naenda kwetu wiki tatu," akasema. "Nataka na mimi unitundikie mkate."

Nikamfunga kitambaa changu shingoni, maana shingo ilikuwa wazi, mjinga huyu, sweta tano na shingo wazi.

"Na barua yangu?" nikasema baadaye, tukiwa njiani. "Nimekamatwa, hulazimiki kurudi."

"Nilikuwa narudi tu, Anti. Nani anasahau sufuria ya presha?"

20 Desemba. Nyuzi -4, theluji sentimita 9. Haradali. Nimekohoa vizuri.

31 Desemba. Nyuzi -6. Mastura, Hetal na mimi. Sarvar kwenye simu, kaegemezwa kwenye buli. Hetal kamwelekeza jinsi ya kuloweka mkate, hatua kwa hatua, na Sarvar kaandika. Chai nusu nusu hadi mwaka ukageuka.

9 Januari. Nyuzi -8. Mifupa, misuli, damu: kafaulu yote. Mwuza maziwa kanipongeza mimi.

16 Januari. Nyuzi -7, anga safi, tuko katikati ya chilla, siku arobaini za baridi kuu.

Hetal kaondoka. Teksi ilikuwa inanguruma nje, nami nikatoa mkate wa Siyob, wa moto bado. Kaumega kwa meno ya mbele kidogo tu, kwa adabu, kama sungura.

"Hapana," nikamwambia. "Ng'ata kama mtu anayerudi."

Akafumba macho, akang'ata kiasi kwamba mashavu yote mawili yalitoka nje. Alitaka kuniaga, hakuweza, mdomo umejaa. Kainama kunigusa miguu huku anatafuna. Nikamwekea mkono kichwani, kama nilivyowaona mama zao wakifanya kwenye simu yake. Mlangoni akatembea kinyumenyume, anatafuna, analia, anacheka, dereva anapiga honi.

Mkate nimeutundika. Mastura kauliza kama nitamtundikia na Sarvar mwingine. Nimemwambia hapana, Sarvar atakula wa moto kama wageni wengine, na akija na mikono mitupu ndiyo vizuri, atakuwa na pa kuushikia.

17 Januari. Nyuzi -9, anga safi, upepo hakuna. Nimenunua mitego ya panya miwili.